Babu wa babu yangu alibeba pembe

Najua nimepotea, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani. Mtihani wa mwisho nilifanya Ijumaa, na Jumatatu alfajiri nilikuwa ndani ya kosta na wenzangu tisa, tukianza ziara ya siku sita: Dar, Bagamoyo, Unguja, halafu Kilwa. Ziara ya kupangiwa kabisa, yenye kiongozi, ratiba na maji ya chupa. Hela ilitoka kwenye bumu, kwa hiyo mkiniona mwezi ujao nakula ugali na mrenda siku saba mfululizo msinicheke.

Nilipanga kuwaandikia habari za fukwe na pweza wa Forodhani. Pweza nilimla, alikuwa mtamu, na habari zake zinaishia hapo. Siku ya pili kule Bagamoyo nilibishana na kiongozi wetu mbele ya watu, na ubishi ule ulinifuata hadi Kilwa. Sasa nimerudi chumbani kwangu Mlimani, na ndio huo ninaouandika.

Tuanze na Dar. Wengi wetu tunaishi humu na hatujawahi kuutazama mji. Kiongozi wetu ni mzee wa miaka hamsini na kitu, anavaa kofia ya ukili na anaongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na honi za daladala. Alitueleza vizuri kwamba hapa palikuwa kijiji cha Mzizima, kwamba Sultani Majid wa Zanzibar ndiye aliyeanza kujenga mji miaka ya 1860, kwamba alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora, na kwamba Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Tulipita Azania Front, tukapita Mtakatifu Joseph, tukafika kwenye sanamu la Askari.

Pale alitueleza kuwa sanamu liliwekwa na Waingereza mwaka 1927, mahali liliposimama sanamu la Mjerumani Wissmann. Akaonyesha bunduki na singe. Watu wakapiga picha, tukaambiwa tupande gari.

Mimi nilibaki nyuma kidogo kusoma maandishi. Yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na hayawakumbuki askari peke yao. Wapagazi pia wamo. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliwakusanya Waafrika wengi mno kubeba mizigo ya jeshi, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Kikosi hicho cha wabeba mizigo kiliitwa Carrier Corps. Watu wa mjini wakalisema jina kwa ulimi wao, na eneo walilokaa wapagazi hao likawa Kariakoo. Yaani soko ambalo kila mtu wa Dar amewahi kuibiwa simu limepewa jina la wapagazi! Nilipomwambia kiongozi alisema, "Kweli mwanangu, ila hapa watu hutaka kumwona askari." Sikuweka moyoni.

Kesho yake tukaenda Bagamoyo. Tulianzia magofu ya Kaole, msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya matumbawe, kisha misheni ya Wakatoliki waliofika mwaka 1868. Tukaonyeshwa mnara wanaouita wa Livingstone. Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, Mei 1873, na maiti yake ikafika Bagamoyo Februari 1874. Kiongozi alisimulia safari ile kwa ustadi mpaka dada mmoja akafuta machozi. Ila nikagundua jambo. Katika simulizi yake maiti "ilisafiri". Iliondoka, ikavuka mito, ikafika. Akina Chuma na Susi na wenzao walioibeba kwa miezi zaidi ya minane walitajwa mara moja tu, na Livingstone alitajwa labda mara ishirini.

Halafu tukafika Caravan Serai, pale ilipokuwa kambi ya misafara. Hapo ndipo palipoharibika. Kiongozi alipunguza sauti, akasema: "Wanangu, kila aliyefika hapa na pembe ya ndovu begani alikuwa mtumwa. Alikamatwa bara, akabebeshwa pembe, akifika hapa pembe inauzwa na yeye anauzwa. Ndiyo maana akasema bwaga moyo, moyo wangu nauacha hapa."

Nikanyoosha mkono kama niko darasani. Nikasema, "Samahani mzee, si kila mmoja. Babu wa babu yangu alifika hapa na pembe begani, na hakuwa mtumwa. Alilipwa."

Kimya. Kiongozi akatabasamu lile tabasamu la mtu asiyefurahi. "Hayo ni ya vitabuni," akasema, "twendeni Boma."

Naomba nifafanue, maana mlinilipia ada ya historia kupitia kodi zenu. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Kwetu habari za kwenda pwani ni fahari ya ukoo. Katika karne ya 19 kijana wa Unyamwezi aliyekuwa hajafika pwani alionekana bado mtoto, na wasichana walimcheka. Wanyamwezi hawakusubiri kufuatwa. Tangu miaka ya 1800 mwanzoni walikuwa wakiunda misafara yao wenyewe na kuteremka pwani. Waliondoka baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, wakiwa na mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, mwendo wa miezi miwili hadi mitatu kwa zaidi ya kilomita 800. Mbele alitangulia kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, na bendera na ngoma. Mshahara ulikuwa nguo, hasa merikani, ile pamba nyeupe iliyofumwa Marekani, pamoja na shanga na nyaya za shaba. Tajiri akiwapunja posho waligoma. Akizidi waliweka mizigo chini na kuondoka zao usiku. Wazungu wengi wa misafara wamejaza shajara zao kwa kulalamikia "utoro" na "ukaidi" wa wapagazi, na kwa macho ya leo malalamiko hayo yanasomeka kama ripoti za mgomo wa wafanyakazi.

Pembe zenyewe zilikwenda mbali. Nyingi ziliishia kuwa vitufe vya piano, mipira ya biliadi na vitana huko Ulaya, na hata Connecticut kule Marekani.

Na hilo jina Bagamoyo lina maelezo mawili. Moja ni la mtumwa anayekata tamaa. La pili ni la mpagazi aliyetembea miezi mitatu, anaiona bahari, anatua mzigo, na moyo wake unapumzika: bwaga moyo, umefika. Bagamoyo ilikuwa kwanza kabisa bandari ya pembe na ya wapagazi. Watumwa walipita, hilo halina ubishi, ila bandari kubwa iliyopeleka watumwa Unguja katika karne ile ilikuwa Kilwa. Kiongozi wetu alikuwa amelitupa lile la pili lote, na babu yangu akaenda nalo.

Usiku ule sikulala vizuri. Si kwamba nadharau watumwa, jamani msinielewe vibaya. Kinachouma ni kuambiwa kwamba mtu wetu mweusi akionekana na mzigo katika historia basi lazima awe na mnyororo. Hawezi kuwa mfanyakazi mwenye hesabu zake, anayejua bei, anayegoma na kurudi kwao na nguo za mahari. Ukikubali hivyo umekubali kwamba historia yetu ni kutendewa tu.

Siku ya tatu tukapanda boti kwenda Unguja. Kule tulipokewa na kiongozi mwingine, mama mmoja mpole aliyejifunga mtandio wa zambarau. Alitupitisha Ngome Kongwe, akatuonyesha Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Halafu akatupeleka Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873, baada ya Barghash kubanwa na Waingereza hadi akatia saini, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo.

Nje kuna lile sanamu la Clara Sörnäs, watu waliosimama ndani ya shimo na minyororo shingoni, lililowekwa mwaka 1998. Pembeni kuna vyumba vya chini ya ardhi, vifupi, vya joto, ambamo kila mgeni huingizwa na kuambiwa watumwa walisongamanishwa humo. Mama yule alisimama mlangoni akasema, "Mtaambiwa kwamba watumwa walihifadhiwa humu. Wapo wanahistoria wanaopinga, wanasema jengo lililo juu ni la wamisheni na lilijengwa soko likiwa limeshafungwa. Mimi nawaambia yote mawili. Lakini soko lilikuwapo hapa hapa, na watu waliuzwa hapa hapa. Hilo halihitaji chumba."

Wadau, nilitaka kumpigia makofi. Kumbe inawezekana! Mgeni anaweza kuambiwa "hili lina ubishi" na asidai kurudishiwa hela yake. Tena tulisikiliza zaidi. Alituambia pia kwamba wengi walioletwa Unguja hawakusafirishwa mbali, walibaki kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Na kwamba kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa: Zanzibar hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1897, na kwetu bara ilisubiri hadi Waingereza walipotunga sheria yao mwaka 1922.

Tukapita pia nyumba ya Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, tajiri wa pembe na watumwa aliyefariki mwaka 1905. Yeye aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Brode akazichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1900. Hapo nikakumbuka kitu kidogo kilichonikosesha raha. Baba yake Tippu Tip alioa katika nyumba ya Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Yaani Tabora, kwetu. Biashara ile haikuwa imekuja tu kututazama. Ilikuwa na wakwe kwetu.

Tukarudi Dar, na siku ya tano kosta ikashika barabara ya kusini, zaidi ya kilomita 300 hadi Kilwa Masoko. Tulivuka Rufiji kwa daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Asubuhi yake tukapanda mashua kwenda Kisiwani. Sitawachosha na uzuri wa Kilwa, nendeni wenyewe. Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14. Husuni Kubwa iko juu ya mwamba, Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kuusifu mji, Wareno wakauvamia mwaka 1505. Mji huu ulitajirika kwa dhahabu ya Sofala kabla hatujasikia habari za Vasco da Gama. Kiongozi wetu hapa alikuwa kwenye ubora wake, na nilimwambia hivyo.

Lakini kuhusu utumwa wa Kilwa alisema "Waarabu" tu, mwanzo hadi mwisho. Nilijizuia, nikashindwa. Nikataja mkataba wa mwaka 1776 ambao Mfaransa Morice alifunga na Sultani wa Kilwa, apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa reale 20 kila mmoja, wa kupelekwa visiwa vya Wafaransa, Mauritius ya leo ikiwemo. Kwa hiyo kwenye daftari la wanunuzi Ulaya nayo imo. Na bara walikuwako Waafrika waliowaleta watu hadi pwani.

Jioni tukakaa Masoko kwenye mihogo ya kukaanga. Mzee akaja na sahani yake, akakaa karibu nami. Nikajua leo naoshwa.

"Mwanangu," akasema, "unajua mambo. Nakuuliza moja tu. Babu yako alipokuja pwani miezi mitatu, akakaa, akarudi miezi mitatu, shamba lake alilima nani?"

Nikasema mke wake, ndugu zake.

"Na zile nguo alizolipwa, alinunulia nini?"

Nikasema mahari, ng'ombe.

Akanyamaza, akachovya muhogo kwenye pilipili. "Muulize bibi yako," akasema.

Hapo ndipo niliposhikwa. Kwa sababu nimeyasoma. Kwenye madesa ya mwaka wa pili yamo: katika nusu ya pili ya karne ya 19 Unyamwezi wenyewe ulikuwa na watumwa wengi, wengi wao wanawake, na mali ya pembe ilinunua watu wa kulima huku wanaume wakiwa safarini. Na si wapagazi wote walikuwa huru pia. Wengine walikuwa watumwa wa watu wa pwani, waliokodishwa na kugawana mshahara na bwana zao. Nimeyasoma, nikajibia mtihani, nikapata B+. Sikuwahi kuyaweka karibu na ukoo wangu.

Nikampigia bibi. Shikamoo, marahaba, mvua, kuku, afya. Halafu nikauliza. Simu ikawa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Bibi akasema, "Walikuwapo watu pale nyumbani waliokuwa hawana kwao. Mama mkwe wangu aliniambia nilipoolewa, ili nisije nikatukana mtu bila kujua. Waliolewa, wakazaa, wakaitwa kwa jina letu. Yakaisha. Hayo hayasemwi, mjukuu wangu."

Nikamwuliza kama naweza kuyaandika. Akasema, "Andika. Ila usitaje nyumba."

Sijataja. Ila naomba mlitazame hilo neno "yakaisha". Wajerumani hawakuufuta utumwa wenyewe, waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru. Maana yake mtoto alikuwa huru na mama yake bado, ndani ya nyumba moja, wakila chungu kimoja. Ndani ya nyumba yetu. Huenda damu yangu inatoka kwa mpagazi mwenye fahari na pia kwa mwanamke aliyenunuliwa kwa merikani ya mpagazi huyohuyo. Sina njia ya kujua. Kwa hiyo yule niliyemtetea Bagamoyo kwa mdomo mkubwa hakuwa mtumwa, ni kweli. Huenda alikuwa na mtumwa.

Nilirudi kwa mzee nikamwambia alichosema bibi. Hakunicheka. Akasema kitu ambacho ndicho hasa kimenifanya niandike leo: "Mimi nimejifunza kwa kusikiliza viongozi wenzangu miaka ishirini. Wageni wakisikia habari za minyororo wanalia, wakilia wanatoa bahshishi, na ndiyo inayolipa ada za watoto wangu. Ninyi kule Mlimani mnajua habari za wapagazi, mnajua huyo Mfaransa. Mmeziandika wapi nizisome? Kwa Kiswahili?"

Sikuwa na jibu. Ninavyovijua kuhusu wapagazi nimevisoma kwa Kiingereza, kwenye vitabu ambavyo bei ya kimoja ni bumu la mwezi. Hapa chuoni kwetu, mwaka 1970, wanafunzi na walimu walibishana hadharani kama utalii una nafasi katika nchi ya kijamaa, na Issa Shivji akayakusanya mabishano yale kuwa kitabu mwaka 1973. Walihofia utalii utatufundisha kumtumikia mgeni na kumwambia anachotaka kusikia. Hofu yao ilikuwa na ukweli. Lakini hata kitabu kile kiko kwa Kiingereza, na mzee wangu wa kofia ya ukili ndiye anayesimama juani kila siku akifundisha historia yetu kwa watu wengi kuliko maprofesa wote wa idara yetu. Nimemsuta mbele za watu kwa kutojua kitu ambacho sisi tumekifungia kabatini.

Kwa hiyo nimeanza. Nimeandika kurasa nne kwa Kiswahili: wapagazi walikuwa nani, walilipwaje, nani alikuwa huru na nani hakuwa, nani alinunua Kilwa, na maelezo mawili ya jina la Bagamoyo. Habari ya nyumba za Unyamwezi nayo imo, bila kutaja nyumba. Nimemtumia jana kwa simu. Amejibu kwamba maandishi ni madogo mno, na kwamba ukurasa wa tatu nimeandika kisomi sana, nirudie. Leo usiku narudia.

Mkienda Bagamoyo mkapata kiongozi mwenye kofia ya ukili, msikilizeni kwa heshima. Mkisikia anataja wapagazi waliolipwa, nijulisheni, nitafurahi. Na kabla hamjaenda, mpigieni bibi.

Naishia hapa wadau, laptopu inakaribia kuzima na umeme umekatika tangu saa mbili. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.